Dhiki ya Mwanafunzi Huanza Darasani

Ndugu zetu, katika darsa ya juma lililopita mzee mmoja alituuliza: mwanawe yuko chuo kikuu mwaka wa pili, alikuwa mchangamfu, sasa halali wala hali, na hataki kurudi kusoma. Je, kijana huyu amepungukiwa na imani? Tulimjibu kuwa hatumhukumu mtu kwa imani yake kabla ya kutazama asomeshwavyo.

Jambo hili si geni. Mwanachuoni Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332 na kufa Kairo mwaka 1406, na aliyepata kusomesha Al-Azhar, amelieleza katika Muqaddima yake. Asema kuwa ukali humbana mwanafunzi nafsi, humwondolea uchangamfu, na humfunza uvivu, uwongo na hila, kwani hudhihirisha lisilokuwamo moyoni kwa kuuogopa mkono wa mwalimu. Nasi tulipigwa chuoni, na tulipokalia kiti cha ualimu tukapiga, tukidhani twatia adabu.

Tena aeleza kuwa elimu husomeshwa mara tatu: kwanza misingi ya kila mlango kwa ufupi, kisha kwa sherehe na khitilafu zake, kisha mpaka lisibaki fumbo. Mwalimu anayemtupia mwanafunzi masuala mazito siku ya kwanza humchosha akili, naye mwanafunzi hudhani uzito ule ni wa elimu yenyewe, akavunjika moyo akaiacha. Hapa kosa ni la mpango, si la kijana.

Zama zake, muda uliowekwa kwa wanafunzi kukaa madrasa ulikuwa miaka 16 Maghribi na 5 Tunis. Urefu ule aliuona ni wa ubovu wa kusomesha: watu huhudhuria miaka kwa miaka, kimya, wakihifadhi tu. Dawa aliyoitaja ni kufunguliwa ndimi kwa mjadala. Na imepokewa kwa Ibn Mas'ud kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwachagulia Masahaba siku za mawaidha, kwa kuchelea wasichoke.

Basi kijana mwenye masomo sita, mitihani yote juma moja, na asiwepo mwalimu ajuaye jina lake, atapumua wapi? Yawapasa walimu wakae pamoja wapange kazi zisirundikane. Wamrudishie mwanafunzi kazi yake ya kwanza kwa maelezo, si kwa alama tupu. Na darasa kubwa waligawe makundi madogo ya kuulizana. Hayo hayahitaji jengo jipya. Ama asiyelala wala kula kwa majuma, na apelekwe kwa tabibu. Kwenda kwa tabibu hakupingani na dua.

Mzee yule tulimwomba amwulize mwanawe neno moja tu, bila ya kumkemea: ni somo lipi lililokutatiza mwanzo, na lini? Alkhamisi alirejea na jibu. Ni hisabati ya muhula wa kwanza. Kijana hakuifahamu tangu siku ile, akaona haya kuuliza mbele ya watu.