‘Limepotea’, ‘Halimo’, ‘Halikupatikana’: Uteuzi wa Vitenzi na Utambuzi wa Hitilafu za Maktaba za Sauti katika Michezo ya Kompyuta

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uhusiano uliopo baina ya kitenzi kinachotumiwa kueleza hitilafu na tiba inayofuata maelezo hayo. Data inayozingatiwa ni ujumbe unaojitokeza pale mchezo wa kompyuta unaposhindwa kuanza, au unapoanza bila sauti, kwa sababu ya kasoro katika mafaili ya maktaba ya sauti. Mazingira yanayorejelewa ni miji ya Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita. Inadaiwa kuwa Kiswahili, kwa mfumo wake wa vitenzi na viambishi vya mahali, kina uwezo wa kupambanua hitilafu hizo kwa usahihi mkubwa, na kwamba upotofu mwingi huanza pale kitenzi kimoja, yaani kupotea, kinapobebeshwa mzigo wa vitenzi vinne.

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu lugha ya kompyuta katika Kiswahili umetawaliwa kwa muda mrefu na nomino. Wataalamu wamebishania kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Wamepima tovuti na wavuti. Wamejadili iwapo intaneti ibaki ilivyo au iitwe mdahalishi. Kazi hiyo haikuwa bure. Mwaka 2004, kwa mfano, mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, na hapo ikadhihirika kuwa istilahi zinaweza kutoka kwenye orodha zikaingia kazini.

Hata hivyo, fundi aliye mbele ya kompyuta iliyogoma haongozwi na nomino peke yake. Nomino humwambia ni kitu gani kinachohusika. Kitenzi ndicho kinachomwambia kimetokea nini, na kwa hiyo afanye nini. Tafsiri ya kitenzi ikikosewa, istilahi sahihi ya kitu hicho haitamwokoa. Eneo hili la isimu tumizi limeachwa nyuma, na ndilo linaloshughulikiwa hapa.

2.0 Mazingira ya Matumizi

Ukanda unaohusika umebadilika sana tangu mwishoni mwa karne ya 20. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, ule wa Bulyanhulu mwaka 2001, na wa Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, mwaka 2009. Geita yenyewe ikawa mkoa mwaka 2012. Sambamba na migodi mikubwa, uchimbaji mdogo umewavuta watu wa lugha mbalimbali kuishi pamoja na wenyeji, wengi wao Wasukuma, na Kiswahili kimekuwa chombo chao cha pamoja.

Wachimbaji wadogo hawakusubiri kamati ya istilahi. Mashine ya kusagia mawe wameiita karasha, neno lililotoholewa kutoka Kiingereza. Shimo la kuchimbia wameliita duara, kwa kupanua maana ya neno lililokuwapo. Mchanga uliokwisha kuoshwa na unaoweza kuchenjuliwa tena wameuita marudio, nomino iliyonyambuliwa kutokana na kitenzi rudi. Hizi ni njia tatu zile zile zilizotupatia faili kwa utohoaji, maktaba kwa upanuzi wa maana, na kisakinishi kwa unyambulishaji. Kwa hiyo, uwezo wa kutaja vitu vipya upo. Swali ni kuhusu uwezo wa kueleza kilichoharibika.

3.0 Dhana ya Maktaba ya Sauti

Neno maktaba, lenye mzizi mmoja wa Kiarabu na kitabu na katibu, humjia msomaji kwa sura ya jengo lenye vitabu vya kuazimwa. Sitiari hiyo inafaa. Mtunzi wa mchezo haandiki upya maagizo yote ya kuiwezesha kompyuta kutoa sauti, bali mchezo wake huyaazima kutoka katika faili lililokwisha kuandaliwa, na michezo mingine huweza kuazima humo humo. Katika mfumo wa Windows mafaili hayo aghalabu huwa na kiishio cha dll.

Utata huanza pale kivumishi ya sauti kinapoongezwa. Msikilizaji anaweza kudhani kuwa maktaba ya sauti ni mkusanyo wa sauti zenyewe: muziki, milio ya magari, mazungumzo ya wahusika. Sivyo. Faili kama OpenAL32.dll halina ndani yake hata mlio mmoja. Lina maagizo ya kuzitoa sauti zilizohifadhiwa kwingine. Kwa sababu hiyo inapendekezwa kutenganisha maktaba ya kuendeshea sauti na ghala la sauti.

Mfano wa wazi ni mchezo wa Grand Theft Auto: San Andreas, ambao toleo lake la kompyuta lilitoka mwaka 2005. Sauti zake zimo katika folda ya audio, ambamo milio mifupi hukaa sehemu moja na matangazo ya redio sehemu nyingine. Faili la vorbisFile.dll, ambalo ni la maktaba, hukaa nje ya folda hiyo, pamoja na programu yenyewe. Likiondolewa, mchezo hauanzi kabisa. Redio zikiondolewa ili nakala iwe ndogo, tatizo ni jingine, na hakuna faili la dll litakalozirudisha. Upambanuzi wa istilahi mbili hapa ni upambanuzi wa tiba mbili.

4.0 Vitenzi na Hitilafu

4.1 Kupotea

Katika Windows 7, ujumbe wa Kiingereza ulieleza kuwa programu haiwezi kuanza kwa sababu faili fulani linakosekana kwenye kompyuta. Tafsiri inayokuja haraka mdomoni ni ‘faili limepotea’. Kitenzi potea hubeba dhana tangulizi mbili: kwamba kitu kilikuwapo, na kwamba kitu hicho hicho kinafaa kutafutwa. Mfugaji akisema ng’ombe amepotea, haendi kununua mwingine, anafuata nyayo.

Aliyeambiwa kuwa faili limepotea naye hufuata nyayo. Hulitafuta kwa jina katika intaneti, akalipakua peke yake kutoka mahali asipopajua, kisha akalibandika popote. Tuchukue mfano wa duka la steshenari katika mji kama Katoro, ambamo kompyuta inayochezewa jioni ndiyo inayochapa barua za maombi ya kazi asubuhi. Faili lililookotwa linaweza kuwa toleo lisilofaa, na linaweza pia kubeba virusi. Hasara haitaishia kwenye bando la kijana aliyelipakua, bali itafika hadi kwenye flashi ya mteja asiyejua hata jina la mchezo huo.

Zaidi ya hayo, mara nyingi dhana tangulizi ya kwanza si ya kweli. Faili la XAudio2_7.dll ni sehemu ya kifurushi cha DirectX kilichotolewa Juni 2010. Windows 10 haiji nalo. Huja na toleo la baadaye la maktaba hiyo lenye jina tofauti. Katika kompyuta hiyo faili halikupotea. Halikuwahi kuwekwa.

4.2 Halipo, Haliko, Halimo

Kiswahili humlazimisha msemaji kuchagua baina ya -po ya mahali dhahiri, -ko ya mahali pasipo dhahiri na -mo ya ndani. Katika mazungumzo ya kila siku ya bara, -po na -ko aghalabu hubadilishana, na -mo huachwa. Lakini penye hatari tofauti hiyo hurudi na uzito wake. ‘Yupo duarani’ yaweza kumaanisha kuwa mtu yuko mdomoni mwa shimo. ‘Yumo duarani’ hakuachi shaka kuwa yuko chini. Anayetaka kulipua mwamba anahitaji kujua ni lipi kati ya hayo mawili.

Mfumo endeshi nao hautafuti kila mahali. Kwa kawaida huanza na folda ya mchezo wenyewe, ukaenda kwenye folda za mfumo, kisha kwenye folda nyingine zilizoorodheshwa. Faili linaweza kuwa katika kompyuta hiyo hiyo, mathalani katika folda ya vitu vilivyopakuliwa, na bado lisionekane. Kwa hali hiyo kauli kwamba linakosekana kwenye kompyuta si sahihi. Usemi sahihi ni kuwa ‘faili limo kwenye kompyuta lakini halimo katika folda inayotafutwa’. Kiambishi kimoja cha mahali kimetoa maelezo ambayo ujumbe wa mashine haukuyatoa.

4.3 Halikupatikana

Katika Windows 10 maneno ya ujumbe yalibadilika, nao ukasema kuwa faili halikupatikana. Badiliko hilo lina maana kisemantiki. Patikana hutokana na pata kwa kupachikwa viambishi vya kutendeka na kutendana, na katika hali ya kukanusha hueleza matokeo ya utafutaji bila kudai lolote kuhusu historia ya kitu. Ni ripoti ya mtafutaji, na ndicho hasa mashine inachokijua. Mfasiri anayeandika ‘limepotea’ mahali pa ‘halikupatikana’ anaongeza dai ambalo mashine haikulitoa.

4.4 Halilingani na Halina Mlango

Zipo hitilafu ambazo faili limepatikana lakini halifai. Ya kwanza hutambulishwa na namba 0xc000007b, ambayo mara nyingi hutokea pale mchezo wa biti 32 unapokutana na maktaba ya biti 64, au kinyume chake. Kitenzi chake ni kutolingana. Hapa majina hupotosha hata wataalamu. Katika Windows ya biti 64, folda iitwayo System32 ina mafaili ya biti 64, na ile iitwayo SysWOW64 ina ya biti 32. Faili la OpenAL32.dll nalo hubaki na tarakimu 32 katika jina lake hata likiwa la biti 64. Anayeamini majina atabandika faili pasipostahili.

Ya pili ni ujumbe unaosema kuwa sehemu fulani ya kuingilia haikuonekana ndani ya maktaba. Aghalabu maana yake ni kuwa maktaba ni ya toleo lisiloafikiana na mchezo, na haina agizo linalotakiwa. Neno kiingilio halifai hapa, kwa kuwa kwa Watanzania wengi kiingilio ni fedha ya mlangoni uwanjani. ‘Maktaba haina mlango unaotafutwa’ ni maelezo yanayoeleweka na yanayoelekeza kwenye toleo linalofaa.

5.0 Utaratibu Unaotokana na Uchambuzi

Uchambuzi huu unazaa maswali manne, yanayofaa kuulizwa kwa mpangilio ufuatao.

(a) Je, mchezo unaanza? Ukianza bila sauti, yaelekea maktaba zinazohitajika ili uanze zimepatikana. Zikaguliwe spika, programu kiendeshi ya sauti na ghala la sauti. Ghala huharibika, kwa mfano, umeme unapokatika wakati wa kunakili.

(b) Faili limo wapi? Kabla ya kusema limepotea, itazamwe folda ya mchezo, kisha karantini ya programu ya kuzuia virusi. Faili lililozuiliwa halikupotea. Limetendwa, na mtenda anajulikana. Lisirudishwe pasipo kuhakikisha kuwa nakala ya mchezo ni salama.

(c) Ni la nani? OpenAL32.dll huwekwa na kisakinishi cha OpenAL, ambacho baadhi ya michezo huja nacho kwa jina la oalinst.exe. XAudio2_7.dll huja na kifurushi cha DirectX kinachotolewa na Microsoft. Katika San Andreas, vorbisFile.dll ni la mchezo wenyewe, hivyo dawa yake ni kuusakinisha mchezo upya kutoka nakala kamili. Faili lirudishwe na mwenye nalo.

(d) Je, linalingana? Endapo namba 0xc000007b inatokea, au mlango haukuonekana, mafaili yaliyobandikwa kwa mkono yaondolewe, na kisakinishi cha mwenyewe kiachwe kiweke toleo linalofaa mahali panapofaa.

Ikumbukwe kuwa maswali haya hayakuanzia katika elimu ya kompyuta. Yamefuata vitenzi anza, -mo, kihusishi cha umilikaji na kitenzi lingana. Mtu anayekijua Kiswahili vizuri tayari anayo zana ya kuyauliza.

6.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kuwa kitenzi potea, kinapotumiwa kwa kila hitilafu ya maktaba ya sauti, humwelekeza mtumiaji kwenye tiba isiyofaa na wakati mwingine yenye madhara. Vitenzi na viambishi vingine vya Kiswahili hutenganisha faili lisilowekwa, lililowekwa kwingine, lililozuiliwa, lisilolingana na lisilo kamili. Inapendekezwa, kwanza, kwamba orodha za istilahi za kompyuta ziambatane na sentensi kamili za hitilafu, zenye vitenzi vilivyopimwa. Pili, kwamba wafasiri wa programu wasiishie kwenye maana ya neno la Kiingereza bali wachunguze mashine imefanya nini kabla ya kutoa ujumbe. Na tatu, kwamba wanafunzi wa shahada za uzamili waielekee lugha ya mafundi wa Kahama, Katoro na Shinyanga kama data halali ya isimu. Waliolipatia Taifa karasha, duara na marudio wana mengi ya kuieleza kamati yoyote ya istilahi, iwapo wataulizwa.