Sarufi ya Anwani: Uzalishaji wa Msimbo wa Njia za Tovuti katika Lugha ya Haskell

Utangulizi

Mwanafunzi yeyote aliyepitia somo la sintaksia analifahamu neno kuzalisha. Tangu Noam Chomsky alipochapisha Syntactic Structures mwaka 1957, tumezoea kuiona sarufi kama mkusanyiko wa kanuni chache zinazoweza kuzalisha sentensi zisizo na ukomo na, wakati huohuo, kuzikataa zile zisizokubalika. Lisilosemwa sana katika madarasa yetu ni kwamba dhana hiyo ilivuka mipaka ya isimu mapema na kuingia katika sayansi ya kompyuta, ambako inatumika hadi leo kuelezea lugha za programu. Makala hii inachukua mfano mmoja mdogo: namna lugha ya Haskell inavyozalisha msimbo unaoelekeza maombi ya wasomaji ndani ya tovuti. Tunadai kwamba jedwali la njia za tovuti ni sarufi kwa maana halisi ya neno hilo, na kwamba mtu aliyefunzwa upatanisho wa kisarufi tayari anazo zana za kulielewa.

Suala hili halituhusu kwa udadisi tu. Tenzi za kale, majarida na tasnifu zinazidi kuwekwa kwenye wavuti, nasi tunazirejelea kwa anwani katika kazi zetu. Anwani isipofungua kitu, msomaji hana njia ya kuuhakiki ushahidi uliotolewa.

Kusikiliza na Kusema

Tuchukue tovuti ya kubuni inayohifadhi tenzi. Msomaji anayetaka ubeti wa 10 wa Utendi wa Mwana Kupona, utungo wa mwaka 1858, anafungua anwani inayoishia kwa /utenzi/mwanakupona/ubeti/10. Seva inapoipokea inalazimika kuichanganua: hili ni neno lisilobadilika, hili ni jina la utungo, hii ni namba ya ubeti. Kisha inaikabidhi kazi kwa sehemu ya programu inayojua kuleta beti. Huko kuchanganua na kukabidhi ndiko tunakokuita uelekezaji.

Upo upande wa pili ambao husahaulika. Tovuti hiyohiyo huandika anwani, kwa maana chini ya kila ubeti pana kiungo cha kwenda kwenye ubeti unaofuata. Kwa hiyo tovuti ni msikilizaji na msemaji kwa pamoja. Mpangaji programu akizitunga kazi hizi mbili kwa mkono, kanuni za kusikiliza zitakaa mahali pamoja, ilhali vipande vya kusema vitatawanyika katika kurasa zote za tovuti. Siku akiamua kulibadilisha neno ubeti kuwa beti katika anwani zake, atairekebisha kanuni ya kusikiliza, halafu azisahau kurasa kadhaa. Programu haitalalamika. Atakayegundua ni msomaji, pale atakapobofya na kuambiwa kwamba ukurasa haupo.

Haskell na Mwanamantiki Wake

Haskell ni miongoni mwa lugha za kompyuta zilizojengwa juu ya dhana ya fanksheni. Fanksheni hapa ni ile ya hisabati: hupokea kitu, hurudisha kingine, na ikipewa kitu kilekile hurudisha jibu lilelile. Azimio la kuiunda lugha hii lilifikiwa katika mkutano wa wataalamu huko Portland, Marekani, mwaka 1987, na ripoti yake ya kwanza ikatolewa mwaka 1990. Jina lake lilitokana na Haskell Curry (1900–1982), mwanamantiki wa Marekani.

Curry anatuhusu kuliko jina lake linavyodokeza. Katika makala aliyochapisha mwaka 1961 kuhusu mantiki ya miundo ya sarufi, alipendekeza viwango viwili vitenganishwe: jinsi sehemu za sentensi zinavyoungana kimantiki, na jinsi muungano huo unavyodhihirika katika umbo linalosikika au kuandikwa. Waliosoma sarufi geuza maumbo watakumbuka muundo wa ndani na muundo wa nje, ingawa nadharia hizo mbili si kitu kimoja. Tofauti hii ya Curry ndiyo tutakayoishikilia.

Jedwali Linalozalisha

Yesod ni mkusanyiko wa zana za kujengea tovuti kwa Haskell. Ulianzishwa na Michael Snoyman na kufikia toleo la 1.0 mwaka 2012. (Jina hilo ni la Kiebrania, na maana yake ni msingi.) Ndani ya Yesod njia huandikwa katika jedwali la namna hii:

/utenzi/#Text UtenziR GET
/utenzi/#Text/ubeti/#Int UbetiR GET

Maneno yasiyo na alama hayabadiliki. Alama ya # huonyesha nafasi ya kujazwa, na neno linaloifuata hutaja aina ya kinachoruhusiwa: Text ni maandishi, Int ni namba kamili. UbetiR ni jina la njia, na GET ni kitenzi cha ombi, yaani msomaji anaomba kuletewa ukurasa.

Programu inapoandaliwa, kabla haijapokea ombi lolote, mfumo uitwao Template Haskell, uliopendekezwa na Tim Sheard na Simon Peyton Jones mwaka 2002, hulitumia jedwali hilo kuandika msimbo kwa niaba ya mpangaji programu. Huzalisha aina mpya ya data ambayo wanachama wake ni njia zote za tovuti. Huzalisha fanksheni ya kuchanganua, inayopokea anwani na kurudisha njia, au kutangaza kwamba hakuna njia inayolingana nayo. Huzalisha pia fanksheni ya kinyume chake, inayopokea njia na kurudisha anwani. Hatimaye huzalisha msambazaji anayeita getUbetiR, fanksheni ambayo mpangaji programu anapaswa kuiandika mwenyewe; asipoiandika, kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo kuwa maelekezo ya mashine, hugoma.

Tazama sasa pendekezo la Curry likifanya kazi. UbetiR "mwanakupona" 10 ni muungano wa kimantiki. Anwani yenye mikwaju ni umbo lake la nje. Kurasa za tovuti hazigusi umbo la nje hata kidogo. Hutaja muungano wa kimantiki, na umbo huzalishwa. Badilisha ubeti kuwa beti katika jedwali, na viungo vyote vya ndani vitafuata bila kuguswa.

Upatanisho na Mipaka Yake

Mswahili husema kitabu kimepotea. Sentensi *kitabu umepotea hukataliwa kabla hatujauliza ni kitabu gani, kwa sababu nomino ya ngeli ya KI-VI inadai ki- kwenye kitenzi. Vivyo hivyo UbetiR inadai maandishi, kisha namba. Ukiandika UbetiR "mwanakupona" "kumi", kompaila itaikataa tovuti nzima, na kosa litaonekana mezani kwa mwandishi badala ya machoni pa msomaji. Bila shaka mzungumzaji mwenzako angekuelewa na kukusamehe. Kompaila haina adabu hiyo.

Hata hivyo, upatanisho si maana. UbetiR "mwanakupona" 9000 ina umbo sahihi na kompaila itaipitisha, japo hakuna ubeti wa namna hiyo. Fikiria pia Al-Inkishafi, ambayo matoleo yake hutofautiana katika idadi na mpangilio wa beti. Aina ya namba haiwezi kuamua ubeti wa 70 ni wa toleo lipi. Hiyo ni kazi ya mhakiki wa matini, na mwenye kujenga hifadhi ya tenzi bila kumshirikisha atapata anwani nzuri zinazoelekeza kusikofaa.

Utata nao umo. Tukiongeza njia ya /utenzi/#Text/ubeti/mwisho, Yesod italalamika kwamba inagongana na njia ya /utenzi/#Text/ubeti/#Int. Sisi tunajua kwamba neno mwisho haliwezi kuwa namba. Mfumo haujui, unatazama umbo la nafasi tu, na nafasi ya kujazwa huhesabiwa kuwa inaweza kugongana na neno lolote. Mpangaji programu akitaka kuruhusu mgongano huo huweka alama ya mshangao mwanzoni mwa mstari, na hapo njia hujaribiwa kwa mpangilio wa jedwali. Kwa maoni yetu, tahadhari hiyo, hata ikizidi, ni afadhali kuliko kimya.

Wapo wasioipenda njia hii ya uzalishaji, na hoja yao ina nguvu. Msimbo uliozalishwa hauonekani katika faili la mwandishi, hivyo ujumbe wa kosa huweza kutaja jina ambalo hakuliandika popote. Waundaji wa Servant, mfumo mwingine wa Haskell ulioelezwa katika makala ya kitaaluma ya mwaka 2015, waliamua njia zielezwe moja kwa moja kama aina za data, pasi na hatua ya kuandikiwa msimbo. Wanafunzi wa isimu watauona hapo mjadala wanaoujua, wa kanuni zinazogeuza maumbo dhidi ya leksimu inayobeba taarifa zote.

Viungo Vilivyo Nje

Ahadi ya Yesod inaishia mlangoni mwa tovuti. Tasnifu iliyochapishwa kwenye karatasi na kutaja /utenzi/mwanakupona/ubeti/10 haimo ndani ya programu, na kompaila haiwezi kuirekebisha. Mwaka 1998 Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti, aliandika akisisitiza kwamba anwani hazifai kubadilishwa. Uzalishaji wa msimbo unalifanya onyo hilo kuwa la lazima zaidi: kwa kuwa kubadilisha anwani kumekuwa rahisi kwa mwenye tovuti, kumwacha msomaji wa nje njiani pia kumekuwa rahisi, na hakuna ujumbe wa kosa utakaoonyesha hivyo.

Jedwali lenyewe lina nafasi ya tiba. Mwenye tovuti aliyehamia /utenzi/#Text/beti/#Int na aubakize mstari wa zamani kwa jina jingine:

/utenzi/#Text/ubeti/#Int UbetiWaZamaniR GET

Kisha aandike getUbetiWaZamaniR, fanksheni ya mistari miwili inayolipokea jina la utungo na namba ya ubeti, na kumpeleka msomaji kwenye UbetiR yenye jina na namba zilezile.