Wavu Juu ya Matunda: Wazuia Nini, na Waacha Nini?



Wengi wetu katika mashamba ya mikarafuu tunayo pia miembe, na wako wanaouliza kama yafaa kununua nyavu za kufunika matunda. Kabla ya kutoa fedha, yatupasa tujue wavu hufanya kazi gani.

Ganda la tunda si tupu. Juu yake huishi vijidudu wasioonekana kwa macho: hamira, bakteria na ukungu. Tunda likiwa zima, wengi wao hawalidhuru. Taabu huanza ganda likitoboka.

Tutazame zabibu za New York, Marekani. Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cornell walieleza namna zinavyooza na kunuka siki. Hamira hugeuza sukari kuwa kileo, na bakteria hukigeuza kileo kuwa siki. Lakini katika majaribio yao vijidudu hao peke yao hawakutosha kuleta ugonjwa. Walihitajika pia nzi wadogo wa matunda. Hapo ndipo faida ya wavu. Wavu hauui kijidudu hata mmoja, bali humzuia mdudu anayemsaidia. Nao matundu yake yawe madogo kuliko mdudu mwenyewe. Wavu wa ndege haumzuii nzi.

Kwetu adui ni nzi wa maembe, aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 kisha akaenea sehemu kubwa ya Afrika. Hutoboa embe akataga mayai ndani, na kitundu kile huwa mlango wa uozo.

Sasa upande wa pili. Wavu wa matundu madogo hupunguza upepo na jua. Umande hukawia kukauka, na ukungu hupenda unyevu. Ugonjwa wa madoa meusi ya maembe huenezwa na matone ya mvua, na mvua hupita katika wavu. Basi anayefunika mti uliosongamana matawi aweza kumfukuza nzi akamkaribisha ukungu.

Kwa hiyo, mwenye kutaka kufunika na afuate haya:

1. Apogoe kwanza, hewa ipite.
2. Aokote maembe yaliyoanguka, ayafukie kwenda chini sana. Funza hutoka katika embe wakaingia ardhini, na huko hugeuka nzi. Wakibaki chini ya mti, wavu utawafungia ndani pamoja na matunda.
3. Asifunike wakati wa maua, kwani wadudu ndio wanaochavusha. Angoje matunda yashike.

Mambo haya si mageni kwetu. Karafuu mbichi zikirundikwa huchacha zikawa mpeta. Zikianikwa mapema juu ya jamvi, kwa jua zuri, hukauka salama. Karafuu ni zile zile, na vijidudu ni wale wale. Kilichotofautiana ni hewa na unyevu. Tunaloliangalia katika karafuu, tusilisahau katika embe.

Katibu wa Chama