Je, Sufuria Hii Ina Risasi? Kupambanua Metali za Aloi Maabarani

Barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Iringa hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, na malori ya mizigo huipita usiku na mchana. Mkazi wa Mikumi hahitaji kuelezwa juu ya vyuma chakavu: pistoni, rejeta, vipande vya injini, betri zilizokufa. Kilosa nako, penye stesheni ya Reli ya Kati, vyuma vya kale havikosekani. Nchini mwetu mafundi wa kusubu huyeyusha alumini chakavu na kuimimina katika kalibu za mchanga ili kupata sufuria nzito, imara na za bei nafuu. Makala hii haikusudii kuwaharibia riziki yao. Lakini lehemu ya rejeta za zamani ni risasi na bati, na betri ya gari ina risasi nyingi. Vikiingia chunguni pamoja na pistoni, risasi hufika jikoni. Shirika la Afya Duniani limekwisha kueleza kwamba hakuna kiasi cha risasi kijulikanacho kuwa salama, na kwamba huathiri zaidi ubongo wa watoto. Vyakula vichachu, kama mchuzi wa ukwaju au nyanya, huitoa metali kwa wepesi zaidi.

Uzito hautusaidii sana. Sentimita moja ya ujazo ya alumini ina gramu 2.7, na ya risasi gramu 11.3, lakini risasi kidogo ndani ya sufuria nzima haitambulikani kwa mkono. Tena risasi haichanganyiki vema na alumini iliyoyeyuka, bali huzama na kukaa kwa mafungu. Kwa hiyo unga wa tupa uchukuliwe mdomoni, ubavuni na kitakoni, na tupa iwe safi: tupa iliyowahi kukwaruza lehemu itatudanganya.

Kazi hii ifanyike katika maabara ya shule, mbele ya mwalimu, kwa miwani ya kinga na madirisha wazi. Unga utiwe katika mmumunyo wa hidroksidi ya sodiamu, iitwayo soda kali. Alumini na zinki huyeyuka, na haidrojeni hutoka kwa mapovu mengi. Moto usiwe karibu. Masalio meusi yabakiayo ndiyo tuyatakayo, kwa kuwa humo mna shaba, chuma, silikoni, na risasi kama ipo. Yaoshwe kwa maji, kisha yapashwe moto kidogo katika asidi ya nitriki iliyozimuliwa. Silikoni haiyeyuki; bati nalo hugeuka unga mweupe. Chuja.

Katika maji yaliyochujwa dondosha asidi ya salfuriki. Mashapo meupe, mazito, yanaashiria risasi. Wako watakaoona ni rahisi kuchota asidi katika betri kuukuu. Wasifanye hivyo: asidi hiyo imekwisha kukaa na risasi, nayo italeta jibu lake yenyewe.

Kwa nini tusianze na iodidi ya potasiamu, ambayo kwa risasi hutoa rangi nzuri ya manjano? Kwa sababu shaba na chuma vilivyomo huitoa iodini, na rangi ya kahawia hufunika kila kitu. Hapa ufuatano wa hatua ndio ufundi wenyewe. Mashapo meupe yaoshwe, yayeyushwe katika asetati ya amonia iliyo moto, ndipo itiwe kromati ya potasiamu, ambayo ni sumu na haifai kuguswa kwa mkono. Mashapo ya manjano yakitokea, risasi imethibitika.

Maji yaliyobaki yatiwe amonia kwa wingi: buluu iliyokoza ni shaba, na mashapo ya kahawia ni chuma. Hayo hayatutishi, kwani shaba ni kawaida katika aloi za pistoni.

Jaribio lote lirudiwe bila unga wa sufuria, kwa kemikali zilezile. Likitoa mashapo meupe nalo, kosa limo katika chupa zetu. Na yasipotokea popote, tusimwambie mama mwenye sufuria kwamba ni salama. Risasi iliyo chache mno huipita njia hii bila kuonekana, na kipimo chake ni cha mitambo ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Mabaki yote yakusanywe katika chupa yenye kifuniko na alama ya sumu, yasimwagwe mtaroni.