Dondoo muhimu: Simu haijazeeka, mfumo ndio umeachwa

Kabla hujanunua simu mpya pale Maili Moja, Kibaha, kumbuka: kerneli ya Linux, kiini cha Android, ni huria. Mtengenezaji akiacha kuisasisha, wengine wanaweza kuiendeleza.

• Soma modeli kamili kwenye "Kuhusu simu", kisha itafute katika orodha ya simu zinazokubali mifumo huria ya LineageOS au postmarketOS.
• Isipokuwemo, usiweke faili la mfumo la modeli nyingine. Simu inaweza isiwake tena.
• Hifadhi picha na namba kwingine: kufungua kufuli la mfumo (bootloader) ili kuweka mfumo mpya hufuta kila kitu kwenye simu.
• Jaza chaji kwanza.
• Programu za benki zinaweza kugoma, uliza mapema.

Simu inaweza kudumu: Fairphone 2, iliyotoka 2015, ilisasishwa hadi 2023.