KWA NINI LEBO HUBADILIKA RANGI? SOMO KUTOKA KWA SARAFU ZA BABU

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumeiandika mara nyingi katika insha zetu. Mimi nilikuja kuielewa nyumbani kwetu mtaani Jericho, na sikuielewa kwa raha.

Marehemu babu yangu alipenda kuweka sarafu. Alikuwa na senti kumi za zamani zenye tundu katikati na pembe za ndovu, na shilingi za Afrika Mashariki zenye picha ya simba na milima nyuma yake. Pesa hizo zilitumika kabla ya Kenya kuanza kutoa sarafu zake mwaka wa 1966. Kila sarafu ilikaa katika kifuko cha plastiki pamoja na lebo yake, yaani kipande cha ukingo wa gazeti ambacho babu alikiandika kwa penseli: sarafu ilitoka wapi, lini, na kwa nani.

Nilipokuwa kidato cha kwanza, lebo hizo zilikuwa zimegeuka kahawia kama chai ya rangi. Nikaona zinatia aibu. Nikakata karatasi nyeupe pepepe, nikanakili maneno kwa kalamu nyekundu ya felti, na zile za babu nikazitupa. Kisha nikavitundika vifuko dirishani sebuleni, wageni waone.

Baada ya miaka miwili nyanya akaniita. "Mjukuu wangu, hebu nionyeshe ile shilingi ya mshahara wa kwanza wa babu yako." Shilingi za 1952 zilikuwa tatu, zinafanana kama mapacha. Nikatazama lebo. Wee! Karatasi ni nyeupe vilevile, lakini maneno hayapo.

"Basi nipe zote tatu," nyanya akasema. Akazishika mkononi muda mrefu bila kuongea.

Nilimwendea mwalimu wetu wa kemia, na haya ndiyo niliyojifunza.

1. KARATASI. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mti uliosagwa. Ndani ya mti mna lignini, kitu kinachoshikanisha nyuzi zake. Lignini ikipata hewa na mwangaza hugeuka manjano, halafu kahawia. Isitoshe, karatasi nyingi za zamani zilitiwa shabu ili wino usisambae. Shabu huacha asidi, na asidi hula nyuzi polepole mpaka karatasi inavunjika kama jani kavu.

2. WINO. Wino wa felti ni rangi iliyoyeyushwa. Miale ya jua huzivunja chembe za rangi hiyo, na vipande vinavyobaki havionekani. Nyekundu mara nyingi ndiyo hutangulia kuisha. Ukipita Jogoo Road, tazama mabango ya zamani ya madukani: nyekundu imekwenda, imebaki buluu. Penseli nayo ni kaboni, na jua haliiwezi.

3. PLASTIKI. Vifuko laini vya PVC huachilia asidi kadiri vinavyozeeka. Asidi hiyo hudhuru karatasi, na juu ya sarafu za shaba huacha utando wa kijani unaonata. Hata gundi ya selotepu hugeuka kahawia na kuichafua lebo.

Kumbe nilichanganya mambo mawili! Karatasi kuzeeka si sawa na maandishi kupotea. Lebo ya babu ilikuwa mbaya kwa macho lakini ilisomeka. Yangu ilipendeza, na haikusema kitu. Huko Marekani, tangu miaka ya 1980, kampuni kama PCGS hufungia sarafu ndani ya kasha gumu la plastiki lenye lebo inayotaja aina na daraja lake. Hata lebo za namna hiyo, zikiachwa juani, rangi yake huweza kufifia.

Wewe pia unaweza kufanya jaribio. Chukua kipande cha gazeti na karatasi ya daftari. Andika jina lako juu ya kila kimoja kwa felti, kwa biro na kwa penseli. Funika nusu kwa kitabu, uviache dirishani penye jua kwa majuma manne. Kisha linganisha.

Kama nyumbani kwenu kuna picha, barua au sarafu za wazee, fanya hivi: ziweke mahali pakavu pasipo na jua, andika kwa penseli kwenye karatasi isiyo na asidi, epuka vifuko vya PVC na selotepu, nakili habari zote katika daftari. Na lebo ya zamani usiitupe hata ukiandika mpya. Mwandiko wa mzee ni sehemu ya mali.

Sasa nina daftari. Kila Jumapili nyanya hunisimulia, nami naandika kwa penseli. Kuhusu zile shilingi tatu, nimeandika hivi: "Mojawapo ni mshahara wa kwanza wa babu." Zaidi ya hapo siwezi kuongeza.

MASWALI
1. Kwa nini lebo ya babu iligeuka kahawia lakini ikasomeka?
2. Eleza madhara mawili ya vifuko vya PVC.
3. "Mali bila daftari hupotea bila habari." Thibitisha kwa kisa cha nyumbani kwenu.