Muda wa Kungoja Katika Safari za Mjini

Urefu wa safari hupimwa kwa kilomita, lakini msafiri huilipia kwa dakika pia. Mara nyingi dakika hizo hupotea kabla gari halijaondoka. Kwa hiyo, anayetaka kuchagua chombo kinachomfaa hana budi kujua jinsi muda wa kungoja unavyohesabiwa.

Chukuliwe mfano wa mchimbaji mdogo wa dhahabu wa Nyarugusu, mkoani Geita, anayekwenda Kariakoo, Dar es Salaam, kununua vipuri vya pampu. Pampu imesimama na maji yanajaa shimoni. Kila saa ina thamani kwake. Gari dogo la abiria kijijini haliondoki mpaka lijae. Likiwa la abiria 7, na abiria mmoja akifika kila baada ya dakika 3, wa kwanza atangoja dakika 18 na wa saba hatangoja kabisa. Wastani ni dakika 9. Bodaboda huondoka na abiria mmoja tu. Nauli yake huzidi kwa kuwa gharama zote ni za mtu mmoja. Kinachonunuliwa hapo ni muda.

Katika jiji hesabu hubadilika. Basi likipita kila baada ya dakika 10 barabara, abiria anayefika kituoni wakati wowote hungoja dakika 5 kwa wastani. Yakija mawili mawili kila baada ya dakika 20, wastani huwa dakika 10, ingawa idadi ya mabasi kwa saa ni ile ile 6.

Kwa nini mabasi hufuatana? Basi lililochelewa hukuta abiria wengi zaidi kituoni, na kuwapakia hulichelewesha tena. La nyuma yake hukuta abiria wachache, likalifikia.

Dar es Salaam imelijua tatizo hili kwa muda mrefu. Shirika la UDA lilianzishwa mwaka 1974. Mabasi yake hayakutosha, na mwaka 1983 magari ya watu binafsi yakaruhusiwa, ndiyo daladala. Uhaba ulipungua, lakini magari yote yaligombea barabara moja. Mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, yalijengewa njia ya peke yao ili msongamano usiyavurugie nafasi.

Mafunzo kwa msafiri ni mawili. Kwanza, kila mara abadilishapo gari, kungoja huanza upya. Njia ndefu isiyo na mabadiliko yaweza kuwa ya haraka zaidi. Pili, bajaji au bodaboda ikodiwe kwa kipande kifupi ambacho magari yake ni ya nadra, na nauli ipatanwe kabla ya kupanda. Safari ndefu iachiwe basi. Kwa njia hiyo mchimbaji huokoa muda bila kumaliza fedha za vipuri.